Kiboko na Waya wa Dhahabu

Enzi za mbali sana, watoto wangu, wanyama walipokuwa na sebule na makochi kama sisi, Kiboko aliishi kando ya mto na mkewe, Bi Zamda. Alikuwa na redio kaseti ndogo. Kila jioni, ukungu ulipoanza kupanda kutoka majini, aliweka kanda ya taarabu. Sauti ilielea juu ya mto polepole, hata samaki wakatulia. Kiboko alifumba macho, akahisi mwili wake mzito umekuwa mwepesi kama unyoya.

Jioni moja akapita Nguchiro, yule mdogo mwenye maneno mengi.

"Hodi! Lo, shemeji! Muziki mtamu hivi unausikilizia kwenye kidude hiki? Mwimbaji analia kama kafungiwa ndani ya kopo!"

"Kopo?" Kiboko akafumbua macho. Miaka yote hakuwahi kulisikia hilo kopo. Sasa akalisikia.

Nguchiro akaleta spika mbili kubwa kama makabati, pamoja na deki ya kanda na amplifaya ya kukuza sauti, akaondoka na ile redio pamoja na shamba la migomba. Du! Du! Du! Nyumba ikatetemeka.

Haukupita muda akarudi. "Spika safi, shemeji, ila amplifaya inazibana."

Amplifaya mpya ikaja. Bonde la nyasi likaenda, Nguchiro akalipangisha kwa Nyati.

"Mume wangu, watoto watakula nini?" Bi Zamda akauliza.

"Bado kidogo tu, Zamda. Nakaribia kusikia."

"Kusikia nini?"

Kiboko akaongeza sauti ya spika.

Mwisho Nguchiro akaja na waya unaometameta. "Dhahabu tupu! Nipe malisho ya hapa mlangoni, nawe utamsikia mwimbaji akimeza mate."

"Chomeka!" Kiboko akasema, akafumba macho.

Nguchiro akajipenyeza nyuma ya spika. Kwaru, kwaru, kwaru! "Tayari!"

Taarabu ikaanza. Machozi yakamtoka Kiboko. "Lahaula! Nasikia hata pumzi yake!"

"Fumbua macho, baba watoto," Bi Zamda akasema taratibu. "Waya huu hapa mkononi mwangu. Niliuchukua kwenye kochi mlipokuwa mkipatana. Huyu ameutafuta, hakuuona, akakwaruza ukuta kwa kucha."

Chwi! Nguchiro akaruka dirishani, akapotelea nyasini.

Malisho ya mlangoni yakapona, lakini yalikuwa kidogo, hayakuwatosha. Kiboko akaenda kwa Nguchiro kuiomba redio yake. "Nilishaiuza zamani," akajibiwa.

Tangu hapo kiboko hutoka majini jua likizama, akaenda mbali kutafuta nyasi. Jioni ile ya kwanza walitembea yeye na Bi Zamda ndani ya ukungu, Kiboko ameinamisha kichwa kwa aibu. Kisha, bila kujua, akaanza kuimba ule wimbo kwa sauti yake nzito ya kukwaruza.

"Samahani," akanyamaza. "Sauti yangu mbaya."

"Endelea," Bi Zamda akasema. "Nilikuwa nasikiliza."

Basi, wanangu, anayeacha kusikiliza wimbo akasikiliza spika hatosheki, hata akitoa kila alicho nacho.