Kashata ya Jumbe Mwinyimvua

Paukwa!
Pakawa!
Nazi?
Imekunwa!
Sukari?
Imechemka!
Na watoto?
Wamejaa mlangoni!

Basi sogeeni mbele, wa nyuma nao wapate pa kukaa.

Hapo zamani, sukari ilipokuwa ikifika kijijini kwa kichwa cha mpagazi, mara moja kwa mwezi, paliishi muuza kahawa aliyeitwa Mzee Mbaruku. Hakuwa mganga. Hakuwa shehe. Mkono huu birika, mkono huu vikombe, akapita mtaani akivigonganisha: chaka-cha, chaka-cha. Alisema kidogo. Alitazama sana.

Kahawa yake ilikuwa chungu, na kahawa chungu inataka kashata. Kijiji kile kilikuwa na wapishi wanne wa kashata, wanawake wote, kila mmoja na sufuria yake. Walipika, wakamimina kwenye sinia, wakakata, wakauza. Watu walikunywa, wakatafuna, wakasengenyana. Mambo yalikuwa mazuri.

Aliyetawala kijiji ni Jumbe Mwinyimvua. Hakuzaliwa pale. Alikuja mtu mzima, akapewa ujumbe kwa sababu alijua kuamua kesi. Kwao hakuna aliyepajua, na mwenyewe hakupataja.

Asubuhi moja akawaita watu barazani kwake. Akasema:

"Nimekula vingi. Sasa uzee unaingia, natamani kitu kimoja tu. Nataka kashata niliyokula utotoni."

Watu wakacheka kwa furaha. Kashata? Kazi ndogo hiyo!

Akaja mpishi wa kwanza. Alitia iliki, akakoroga, koro-koro, koro-koro, akamimina, akakata. Jumbe akachukua kipande, akakigeuza, akavuta pumzi, akauma. Kru!

"Tamu ni tamu," akasema. "Lakini siyo ile."

"Ile ipi, Jumbe?"

"Ile. Acha sufuria yako hapa mpaka ile ipatikane."

Akaja mpishi wa pili. Huyu alitia iliki, akatia na samli, akatia na zafarani. Koro-koro, koro-koro. Jumbe akachukua kipande, akakigeuza, akavuta pumzi, akauma. Kru!

"Tamu ni tamu. Lakini siyo ile. Acha sufuria."

Akaja mpishi wa tatu. Huyu alitia iliki, samli, zafarani, akatia na lozi, akanyunyiza na marashi juu. Sinia lilinukia kama bibi harusi. Jumbe akachukua kipande, akakigeuza, akavuta pumzi, akauma. Kru! Akatafuna muda mrefu. Watu wakasogea.

"Tamu ni tamu," akasema.

Watu wakaondoka kabla hajamaliza.

Sufuria tatu zikawa zimefungiwa ghalani kwa Jumbe. Ikabaki moja kijiji kizima, sufuria ya shaba ya Mize. Mize alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Sufuria ile aliachiwa na mama yake, na hakuwa na kazi nyingine ila ile ya kashata. Ikichukuliwa, watoto hawali. Alhamisi mjumbe akaja mlangoni: "Mize, kesho zamu yako."

Jioni hiyo Mzee Mbaruku alipita. Chaka-cha, chaka-cha. Mize alikuwa kizingitini, mashavu mikononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuwa kama kahawa yangu?"

"Kesho zamu yangu. Iliki wenzangu wametia. Zafarani wametia. Lozi wametia. Mimi nitie nini? Nijitie mwenyewe?"

"Ukijitia wewe itakuwa na chumvi kwa hayo machozi."

Mize akacheka bila kupenda. "Mzee, wewe unashinda pale barazani. Huyu mtu anataka nini?"

Mzee akaweka birika chini. "Jumbe akipewa kashata, kwanza hufanya nini?"

"Huuma."

"Kabla ya kuuma."

"Nitajuaje? Sote tunamtazama usoni."

"Hapo ndipo mnapokosea. Mimi namimina kahawa, macho yangu yako kwenye mikono ya watu. Kabla ya kuuma, huigeuza. Hutazama chini yake. Mara tatu ameletewa, mara tatu ameigeuza."

"Anatafuta mdudu?"

"Anatafuta ukoko. Hebu niambie, wewe ulipokuwa mdogo, kashata ya sinia ulipewa?"

"Ile ya kuuza? Mama angenivunja mkono! Sisi tulikomba sufuria."

Mize akamtazama. Kisha akashika kichwa.

"Mzee Mbaruku! Nimpelekee Jumbe ukoko? Mbele ya wakubwa wa baraza?"

"Mpelekee sufuria usiyoiosha."

"Watanicheka!"

"Watakucheka sana. Lakini ukileta ya sinia utaambiwa acha sufuria. Ukileta hiyo chafu na nimekosea mimi, utaambiwa acha sufuria. Afadhali wakiichukua, waioshe wao."

Akaokota birika lake. Chaka-cha, chaka-cha, akaenda.

Ijumaa Mize akapika kama alivyopika siku zote. Nazi, sukari, iliki kidogo. Koro-koro, koro-koro. Akamimina kwenye sinia, akawapa watoto wa mtaa, wakala wakamaliza. Sufuria hakuigusa. Akajitwika hivyo hivyo ilivyo, ukoko ndani, kifuu cha nazi juu yake, akashika njia.

Barazani wakamwona kwa mbali.

"Mize, umekuja tukuoshee?"

"Sinia liko wapi, Mize?"

"Limeliwa."

"Na nani?"

"Na wenye meno."

Baraza likaangua kicheko. Kwa-kwa-kwa! Mize akatua sufuria mbele ya Jumbe, akapiga goti, akasubiri.

Jumbe hakucheka. Alichungulia ndani. Akanyoosha mkono, akachukua kifuu. Kisha Jumbe Mwinyimvua, mwamuzi wa kesi, akashuka kitini, akachuchumaa chini, sufuria katikati ya magoti.

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Akalamba. Akageuza sufuria upande.

Kwaru! Kwaru!

"Ndiyo hii," akasema mdomo umejaa.

Mkubwa mmoja wa baraza akamwinamia. "Jumbe, inuka, watu wanaona."

"Waone. Mama yangu alikuwa akiosha vyombo kwenye nyumba za harusi. Kashata zilikwenda kwa wageni. Sufuria zilikuja kwetu. Hiki ndicho nilichokula. Nimeona haya kukisema miaka thelathini, nikawatuma mtafute nisichokitaja. Nimewakosea, mama zangu. Fungueni ghala, chukueni sufuria zenu."

Wapishi watatu wakaenda mbio. Yule wa tatu akarudi na sufuria yake kwapani.

"Na lozi zangu je?"

"Lozi nilizila usiku," Jumbe akasema. "Zilikuwa nzuri."

Wote wakafurahi. Wote isipokuwa mmoja. Katikati ya vigelegele ikasikika sauti ya kilio. Alikuwa Kibibi, kitinda mimba wa Mize, aliyeifuata sufuria kutoka nyumbani nyuma ya mama yake.

"Na mimi je? Leo ilikuwa zamu yangu kukomba!"

"Nyamaza wewe!" Mize akamrukia. "Huyo ni Jumbe!"

"Jumbe akombe ya kwao!"

Jumbe akatazama sufuria. Akamtazama mtoto. Ulikuwa umebaki ukoko upande mmoja, mwekundu, ule mtamu kuliko wote. Akameza mate. Kisha akasogea kidogo pale chini alipochuchumaa.

"Njoo. Nusu hii yako, nusu hii yangu."

Kibibi akachuchumaa, akafuta machozi, akapima kwa macho.

"Hiyo yako kubwa."

Jumbe Mwinyimvua, aliyeamua kesi za mashamba na za ndoa na za damu, akakaa akafikiri. Akaizungusha sufuria taratibu, nusu kubwa ikaenda kwa mtoto. Akampa na kifuu. Yeye akatumia kidole.

Ndiyo maana Mzee Mbaruku tunamtaja hadi leo. Hakuna alichopika wala alichotia. Tunachojifunza ni hiki: mtu akikuambia anatamani utamu wa zamani, usikimbilie kumwongezea sukari. Muulize alikuwa amekaa wapi alipokuwa akila.

Hadithi yangu nimeikomba hadi chini, na hapo imekwisha. Aliyepata, amepata, asiyepata, alambe kidole.