Tundu Kwenye Wavu wa Barabara ya Hospitali

Wapendwa, ketini. Fungeni Biblia kidogo, mnisikilize. Nimekuja na mfano, na nimekuja nimekasirika, kwa hiyo mtanivumilia.

Ilikuwepo nchi moja vitani. Msiitafute kwenye ramani, nimeitunga mwenyewe. Katika nchi hiyo palikuwa na mji mdogo kando ya ziwa, na adui wa mji ule hakutuma askari. Alituma droni. Si moja wala mbili. Zilikuja thelathini, arobaini kwa mara moja, kila moja ndogo kama sinia, na kila moja imebeba bomu. Jeshi lilileta mizinga. Wakiangusha tano, nyingine zinapita. Nazo zilipenda barabara moja, ile ya kilomita tatu kutoka mjini hadi hospitali, kwa sababu kila mtu ilimlazimu apite pale.

Kapteni mmoja wa wahandisi akawaita watu, akawaambia, "Hatuwezi kuzimaliza zote zikiwa angani. Tuifunike barabara."

"Kwa kitu gani?" wakamuuliza.

"Kwa nyavu. Pangaboi zinazozirusha zikinasa kwenye uzi, zimekwisha."

Wavuvi wakatoa nyavu zao kuukuu. Vijana wakasimika nguzo pande zote mbili za barabara. Mjane mmoja, jina lake Perpetua, aliyeshona nyavu tangu usichana wake, akakusanya wanawake arobaini, akawafundisha fundo moja baada ya jingine hadi vidole vikatoka malengelenge. Siku ya ishirini barabara nzima ilikuwa imefunikwa, juu na ubavuni. Droni zikaja, zikanasa, zikabaki zinaning'inia. Miezi miwili hakufa mtu kwenye barabara ile.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoharibika.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na lori la mkaa. Akilijaza magunia mpaka juu, mzigo ulikwama kwenye wavu pale lilipoingilia barabarani, karibu na mashine ya kusaga. Siku moja akachukua kisu, akakata tundu pana kama mlango wa kanisa hili.

Mlinzi wa wavu akamwambia, "Mzee, kapteni amekataza."

"Nitalishona mwenyewe Jumamosi. Wewe hujaona kitu."

Mlinzi akanyamaza. Jumamosi ikaja, ikapita.

Je, ni mlinzi peke yake aliyeona? Watu mia nne walipita pale kila siku. Shemasi alipita. Ezron, dereva wa gari la wagonjwa, alipita mara sita kwa siku. Siku ya tano akamwambia nesi aliyeketi naye, "Dada Skolastika, lile tundu umeliona?"

"Nimeliona."

"Umemwambia kapteni?"

"Kwani mimi ndiye niliyelikata, kaka? Na barua zetu zote anasaini mwenyekiti. Mwambie wewe."

Ezron akabadilisha gia, akaendelea na safari. Naye alikuwa na barua yake ikisubiri saini kwenye meza ya mwenyekiti.

Perpetua hakuliona tundu, maana siku zile alikuwa amelala na malaria. Majirani walimpelekea uji, wakakaa naye, wakampa habari za mji mzima. Hiyo moja wakairuka. Walijua akiisikia angeamka na homa yake akamfuata mwenyekiti, na wao wangeulizwa mbona walinyamaza.

Siku ya kumi na moja, Jumatano, saa nne asubuhi, zikaja droni thelathini na moja. Za kwanza zikanasa. Nyingine zikapanda, zikawa zinaifuata barabara juu ya wavu, zinatafuta. Moja haikuwa na bomu, ilikuwa na kamera tu. Ikafika kwenye mashine ya kusaga, ikasimama angani, ikaliona tundu. Wapendwa, kabla hujameza mate zote zilikuwa zimegeuka. Zikaingia moja nyuma ya nyingine, na mle ndani, kati ya nyavu, watu hawakuwa na pa kukimbilia.

Walikufa kumi na wanne. Ezron alikufa ameshika usukani. Skolastika alikufa. Alikufa mama aliyekuwa anatoka kujifungua, na kichanga chake cha siku mbili, ambacho kilikuwa bado hakijapewa jina.

Kesho yake kapteni alipofika, watu walikuwa wamekwisha kumtoa mwenyekiti nyumbani kwake, wamemfunga kamba, wanataka kumuua.

"Huyu hapa aliyekata," wakasema.

"Atapelekwa mahakamani," kapteni akajibu. "Lakini mimi nauliza, nani alijua?"

Perpetua akapita katikati yao, bado anatetemeka kwa homa.

"Nyumba yangu iko hatua mia mbili kutoka pale," akasema. "Sindano ninayo. Uzi ninao. Hata kama nisingeweza kusimama, ningemtuma mmoja wa wale niliowafundisha. Ilikuwa kazi ya saa moja. Mlikuja na uji, mkaketi kitandani kwangu. Kwa nini hamkuniambia?"

Kapteni ndiye aliyejibu.

"Zile droni, moja ikiona, zote zimeona. Ninyi mlikuwa watu mia nne, siku kumi na moja, na kila mtu aliona peke yake."

Walioshika kamba ya mwenyekiti wakaiachia ikaanguka chini.

Na sisi je? Msiniambie hayo ni mambo ya vita, sisi tuna amani. Vyuma visivyo na roho vinaambizana. Sisi tuliobatizwa, tunaojiita mwili mmoja, jicho linaona na mkono hauna habari. Kila Jumapili tunaomba taifa letu lilindwe. Lilindwe na nini? Mizinga? Mizinga mji ule ilikuwa nayo. Nyavu walikuwa nazo, nzuri, zimeshonwa kwa mikono yao wenyewe. Walichokosa ni mtu mmoja wa kusema, "Kuna tundu pale, na aliyekata ni mkubwa wetu."

Katika usharika huu kuna mtoto aliyekuja hapa wiki tatu mfululizo akiwa amevimba mkono. Simtaji. Tangu jana yuko mahali salama. Mimi nimejua jana, tena nimeambiwa na mtu wa dini nyingine. Ninyi mlijua tangu lini? Mlinipa mkono pale mlangoni, mkaniuliza hali ya mama mchungaji, mkaenda kuketi benchi moja na anayempiga.

Leo sitoi baraka za kufunga ibada. Wazee wa kanisa, fungueni milango, anayetaka kwenda aende. Mimi nashuka hapa, naketi kwenye benchi la mbele, na kando yangu pana nafasi ya mtu mmoja. Aliyeona jambo aje aketi, aniambie. Sina haraka.