Kidari cha Aikande

Sogeeni, na asinijibu mtu kabla sijamaliza, maana majibu ya haraka yamekwisha nichosha.

Aikande wa Kibosho alikuwa hodari wa mbio za baiskeli. Akaanguka vibaya, akaacha miaka mingi. Waliomrudisha barabarani ni watatu: fundi Ndesanjo, mjuzi wa vyuma, shangazi yake Anaeli, mwenye moyo mgumu, na Manka, mshindani wake, mwenye jicho kali.

Fundi ndiye aliyemfungia pedali za kunasa, zinazong'ata soli ya kiatu ili mguu usukume na uvute pia.

"Bila hizi mlima hupandi," alisema.

"Na nikisimama ghafla, mguu nautoaje?"

 Fundi alizichukua pedali za zamani akazitupa chooni.

Shangazi ndiye aliyemfundisha kujinasua. Kila jioni alishika siti kando ya banda la ng'ombe akirudia, "Kisigino nje kwanza, mwanangu, ndipo breki." Siku moja Aikande alisahau, wakaanguka wote, shangazi akavunjika mkono. Kesho yake alishika siti kwa mkono uliobaki. Mimi niliona uchungu kumtazama.

Manka alikuwa mbele siku ya mbio, Aikande nyuma yake tu. Ng'ombe wakakatiza barabara, wote wawili wakafunga breki. Hofu ya zamani ikamgandisha Aikande, miguu imenaswa, anaanza kulala upande. Manka akamwekea bega. "Kisigino nje, dada." Mguu ukatoka. Njia ilipofunguka, Aikande akatangulia kupanda, akashinda. Manka akawa wa pili.

Zawadi ilikuwa mbuzi. Kwenye ukoo wao, mshindi hukata kidari, nyama ya kifua, akampa mtu mmoja tu, kizima, na huyo ndiye husimama naye katika mbio zote zijazo. Aikande anawapenda wote watatu, na anaogopa kupoteza wawili.

"Ningekuachia zile za zamani, ungefika?" aliuliza fundi.

"Mpe umtakaye," alisema shangazi, mkono ukiwa kwenye bandeji. "Ila usinipe kwa kunihurumia."

Manka alikuwa akinawa mikono. "Ningekuacha uanguke," alisema taratibu, "leo kisu ningeshika mimi."

Nimewaacha hapo. Aikande amesimama, kisu mkononi, watatu wanamtazama na hakuna anayekula.

Je, wewe kidari ungempa nani?