Ukaguzi wa Bwana Rwegasira

Bwana Rwegasira, mwenye maegesho ya magari, alitaka kazi ya kufagia aipate shemeji yake. Akaegesha gari lake, akamwita mfagiaji, Mama Nyamizi.

“Nikikuta jani moja tu humu, kazi huna.”

“Na usipokuta, bosi?”

“Mkataba wa mwaka mzima,” akajibu, huku mwarobaini ukipukutisha majani kama umehongwa.

Akatangulia, kitambi mbele, akichungulia chini ya kila gari la mteja. Mama Nyamizi akamfuata na ufagio wake, akimpa pole ya kiuno.

“Umemaliza, bosi?”

“Nimemaliza,” akahema, akasaini mkataba kwa hasira.

Alipoondoa gari lake, pale lilipokuwa pakabaki lundo la majani.

“Na haya?” akafoka dirishani.

“Yalikuwa chini ya gari lako, bosi. Vya wakubwa sivigusi.”