Chumvi Haichagui Chungu

Chumvi haichagui chungu. Mmenisikia nikiwaambia hivyo wale waliotutaka tuchague upande, na sasa mnauliza neno hili lilitoka wapi. Lilizaliwa Itabagwa, enzi za Mtemi Nyanzobe.

Itabagwa ilikuwa dola kubwa, na nguvu yake ilikuwa chemchemi za chumvi. Watu wa mashariki walileta mashoka ya kukatia kuni; wa magharibi walileta vyungu vya kuchemshia maji. Kila mgeni aliacha mkuki wake njiani, akapika chumvi, akatoa fungu la mtemi, akaenda zake.

Pande hizo mbili zilipoanza kupigana, kila upande ulimtaka Nyanzobe achanjiane nao damu. Ukichanjiana na mtu, mnakuwa ndugu, na adui yake ni adui yako. Mtemi akakataa kote. Lakini mdogo wake Rusimbi, mkuu wa walinzi wa chemchemi, alimwona mwoga. Akachanjiana kwa siri na Magwisha, jemadari wa mashariki, kisha akawafukuza watu wa magharibi.

Mwanzoni alisifiwa. Kisha vyungu vikapasuka, kama vipasukavyo kila msimu, na vipya havikuja. Kuni zilirundikana, maji ya chumvi yakapotelea matopeni. Huko magharibi mikuki ikaanza kunolewa.

Magwisha akaja na askari wake, akamwambia mtemi wajiandae kwenda vitani pamoja.

"Damu yenu tunayo, mama. Huna njia nyingine."

"Mliyonayo ni ya Rusimbi," Nyanzobe akajibu. "Mchukueni. Chemchemi hazijachanjiana na mtu."

Rusimbi akacheka. "Dada, utamfukuza mwana wa mama yako kwa ajili ya wafinyanzi?"

"Ndugu umejichagulia mwenyewe. Nenda ukale kwake."

Magwisha akauliza kama naye anafukuzwa.

"Wewe acha mkuki wanapoacha wenzako, upike chumvi. Ukitaka kuingia nao, anza kunichoma mimi."

Nyuma yake wapika chumvi walikuwa wamesimama na mashoka, yale yale ya mashariki. Magwisha akafikiri. Kwao hakukuwa na chumvi nyingine. Akauweka mkuki chini. Rusimbi akafunga mzigo wake, akaondoka.

Watu wa magharibi walipoitwa, walirudi na vyungu, wakadai sasa Magwisha ndiye afukuzwe. Nyanzobe akawaonyesha moto wa Magwisha ukiwaka bila kitu juu yake.

"Telekeni pale," akasema. "Chumvi haichagui chungu."