Mshambuliaji wa Jiko la Bi Eliseta

Aliyelishwa jikoni haagwi stendi. Mmemsikia asubuhi hii shangazi yenu akimwambia hivyo Tumpe, aliyetaka kupanda basi la chuo bila kupita kwa bibi yake, nanyi mkacheka kama kawaida yenu. Sasa Tumpe ameshakwenda na kuaga, nanyi mnaniuliza usemi huo umetoka wapi. Haukutoka kwa wahenga wa kale. Ulizaliwa hapa hapa Kisuvila, tena kwenye mpira, na ninyi mnaojua majina ya wachezaji wa Ulaya mpaka wale wa akiba mngepaswa kuona haya kidogo.

Wakati huo klabu yetu ya Ukungu haikuwa na hosteli. Mchezaji aliyetoka mbali alikabidhiwa kwa familia ya shabiki. Alilala huko, akala huko, akiumwa aliuguzwa huko. Mwenye nyumba aliitwa mama wa mchezaji, na siku ya mechi kina mama hao walikaa pamoja nyuma ya goli, upande wa mashamba ya chai, wakipiga ngoma.

Bi Eliseta Mgaya, mjane aliyeuza maharage sokoni, alipewa Gaudensi Ndomba, mshambuliaji kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Kijana alifika mwembamba, anatetemeka kwa baridi yetu, na viazi vyetu havimpiti kooni. Bi Eliseta hakuwahi kupika dagaa maishani mwake, lakini alijifunza. Aliunguza sufuria mbili kabla hajapatia. Waliishi hivyo misimu miwili. Gaudensi akifunga goli, alikimbilia nyuma ya goli na kumwinamia. Nyumbani alimwita Mama, naye, ambaye hakujaliwa mtoto, aliitika haraka kuliko alivyotaka watu wajue.

Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, klabu moja kubwa ya pwani ikamtaka. Viongozi wa Ukungu wakakubali, na mimi siwalaumu kwa hilo. Mishahara ilikuwa imekwama, na kijana mwenyewe alistahili kusonga mbele. Walipokosea ni namna walivyofanya. Waliogopa kwamba mashabiki watazuia gari, na zaidi waliogopa machozi ya Bi Eliseta. Basi wakamchukua Gaudensi moja kwa moja kutoka mazoezini, wakamkataza kumwambia mtu, wakamwahidi kuwa nguo zake zitafuata. Wakamsindikiza stendi na kupiga naye picha mbele ya basi.

Bi Eliseta alikuwa ameshapakua chakula. Aliyemletea habari ni dereva wa bodaboda aliyewaona wakipiga picha. Akatoka mbio na masizi yake mikononi, akakuta basi limeshaondoka. Akarudi nyumbani, akakifunika chakula kile, na hakuna aliyekila.

Jumamosi hakwenda uwanjani. Hakumshawishi mtu, wala hakumsema kiongozi yeyote kwa ubaya. Ila kina mama wenzake walipoona nafasi yake iko wazi, kila mmoja alimfikiria kijana wa nyumbani kwake, na mechi iliyofuata wote wakabaki makwao. Wachezaji waliobaki waliendelea kulishwa vizuri kabisa. Ngoma tu ndizo zilizonyamaza, na kumbe watu wa Kisuvila walikuwa wakifuata ngoma. Jukwaa likawa na mapengo. Viongozi wakapunguza kiingilio, haikusaidia. Wakaleta msanii kutoka mjini. Watu wakamsikiliza mpaka mwisho, na mpira ulipoanza wakaenda zao. Ukungu ikaanza kufungwa nyumbani kwake yenyewe.

Ndipo Mwenyekiti Ngailo, mtu mwema ila mwenye maneno mengi, alipoita mashabiki kwenye ukumbi wa ushirika ili wazungumze. Alieleza mambo ya usajili kwa kirefu. Aliahidi mshambuliaji mpya mwenye kasi zaidi. Wanaume wakauliza habari za mshambuliaji huyo, naye akafurahi kujibu, mpaka alipouona mkono wa Bi Eliseta.

"Karibu, mama," alisema, sauti ikiwa imeshuka.

"Baba, sikuja kugombana kwa sababu ameuzwa," alisema Bi Eliseta. "Mtoto akikua anaondoka, hata wa kumzaa mwenyewe. Nina swali tu. Gaudensi alikuwa anakula wapi?"

"Kwako, mama."

"Na alipovunjika kidole cha mguu, aliuguzwa wapi?"

"Kwako."

"Mlimuagia wapi?"

Mwenyekiti alitazama meza. "Stendi."

"Aliyelishwa jikoni haagwi stendi, baba. Nguo zake nimezifua mara ya pili sasa, na hakuna aliyezivaa."

Mwenyekiti akavua kofia yake. "Tuliogopa, mama. Tulijua utalia, na yeye akikuona unalia hatapanda basi."

"Ningelia, ndiyo. Halafu ningemfungia chakula cha njiani na kumsukuma apande. Kwani mlidhani nilimlea ili abaki?"

Mwenyekiti Ngailo alishuka jukwaani, akaenda mpaka alipokaa Bi Eliseta, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Hapo hapo wakakubaliana kwamba tangu siku ile mchezaji akitakiwa na klabu nyingine, viongozi watapiga hodi kwanza kwenye jiko analokula, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Jumamosi iliyofuata ngoma zilisikika tangu asubuhi, na watu wakajaa mpaka kwenye kingo za mashamba ya chai.

Klabu ya pwani nayo iliombwa ruhusa, ikamwachia Gaudensi siku mbili. Alifika akiongozana na Mwenyekiti. Bi Eliseta hakuwakaribisha sebuleni. Aliwapeleka jikoni, wakakaa kwenye vigoda ndani ya moshi. Gaudensi alikuwa amejiandaa kusema mengi, akaweza machache.

"Mama, nisamehe. Niliambiwa nisiseme, nami nikatii."

"Kula kwanza," alimwambia.

Alikula, na machozi yalimtoka akiwa anakula, wala hakuyaficha. Bi Eliseta hakulia. Alimwongezea mboga, akamkunjia nguo zake, akamfungia chakula cha njiani. Alipomfikisha mlangoni alimshika mikono yote miwili, akaishikilia kwa muda, maana alimpenda na alijua kwamba anaondoka kweli.

"Nenda, mwanangu. Umeniaga, moyo wangu umetulia. Lakini huko unakoishi nako kuna mtu anayekupikia. Siku ukihama, anza kwake. Aliyelishwa jikoni haagwi stendi."