Mtungi wa Mwashamba

Sikilizeni. Ngano hii aliianza bibi yetu Mwanaidi, mwaka wa nzige, tukimenya mihogo.

Zimwi la kisimani lilimpa Mwashamba mtungi wa maji. "Ukikasirika, semea humu kwanza. Ukipoa, kamwambie aliyekuudhi, kisha umwage maji."

Dada yake Kibibi akaucheka upishi wake. Mwashamba akasemea mtungini, akafunika. Kibibi akamwita tasa; Mwashamba akasemea, akafunika. Kibibi akamnyima mwaliko wa arusi; Mwashamba akasemea, akafunika. Kumwambia aliona haya.

Siku moja Kibibi alifika na kiu, akafunua mtungi. Ukayatamka yote kwa sauti ya Mwashamba.

"Kumbe, mdogo wangu? Na miaka yote unanipakulia wali." Akaweka kata chini, akaondoka.

Kibibi alifia ugenini, na bibi Mwanaidi aliyeianza ngano hatunaye. Mwashamba yu hai. Kila asubuhi huuinamia mtungi, akimwomba dada yake radhi.